Usiuzamishe mti wako wa ndani

Kama ndiyo kwanza unaanza kupanda ndani ya nyumba, anza na zamiokulkasi, ule wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Wageni wengine huuita kito cha Zanzibar, na kweli asili yake ni ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki.

Mimi nakaa ghorofa ya chini, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, kuta zimezidi dhiraa, dirisha moja tu linaloelekea kichochoroni. Mti wangu wa mwanzo niliumwagilia kila asubuhi, kama mama anavyomwagilia asumini zake uani. Wiki chache tu, majani manjano. Nikadhani kiu, nikazidisha maji. Nilipoung'oa, vile viazi vyake vya chini vilibonyea mkononi kama muhogo uliovunda, na vilinuka hivyo hivyo. Niliumia sana.

Asumini ya uani inapigwa jua na upepo, udongo wake hukauka siku hiyo hiyo. Chumbani maji hayana pa kwenda. Na hivyo viazi ndiyo akiba ya mti, vimejaa maji tayari.

Kwa hiyo kabla hujashika kopo, tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, maana mbu hutaga humo. Kipindi cha kusi mimi humwagilia kila baada ya wiki mbili hivi. Masika, hata mwezi unapita.

Udongo: mafungu mawili ya kinongo (ule udongo mwekundu wa shamba), moja la mchanga, moja la usumba wa makumbi. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Chombo chochote, hata ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, ila lazima kitobolewe chini.

Uweke pale unapoweza kuchambua mchele mchana bila kuwasha taa. Jua kali la dirishani linaunguza majani. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi. Utomvu wake unawasha, usiache watoto au paka wakautafuna.

Ukitaka mwengine, chomeka jani moja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Litakaa miezi kama limelala. Usilifukue kuangalia.