Jinsi ya kuomba kusoma nyaraka za zamani na kumpata babu yako ukiwa Dar es Salaam

Nilipoteza karibu miezi mitatu, na nauli ambayo sitaki hata kuijumlisha, kwa sababu nilianzia mwisho. Nilitaka kujua baba yake babu alikuwa nani na alitoka kijiji gani cha Uzaramo. Nyumba yetu ya Kariakoo imejaa watu, lakini hakuna anayeweza kutaja majina kupita vizazi vitatu. Nikasikia kuna sensa za wakoloni. Nikajiambia: kama Mwingereza alihesabu watu, basi babu ameandikwa mahali.

Naanza na hilo, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Waingereza waliihesabu Tanganyika mwaka 1921, 1928, 1931, 1948 na 1957. Baada ya uhuru tumehesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ripoti zipo na zinasomeka, lakini ndani yake kuna jumla tu: kabila fulani, wilaya fulani, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Ripoti ya 1948 itakuambia mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu 69,000. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na hakuna ukurasa unaomtaja. Kwa sensa za baada ya uhuru, taarifa za mtu mmojammoja ni siri kisheria, kwa hiyo usiende Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuomba fomu iliyojazwa nyumbani kwenu mwaka 1967. Hupewi, na ni haki usipewe.

Mimi sikulijua hilo. Kijana mmoja aliniambia anamfahamu mtu wa ndani, angenitolea karatasi ya sensa ya 1948 yenye majina ya nyumba yetu kwa shilingi 50,000. Nikamtangulizia 30,000. Simu yake haijapokelewa tena mpaka leo. Mtu yeyote akikuahidi sensa ya zamani yenye majina ya wazee wako, muage hapohapo.

Majina yapo, ila yamelala kwingine: kwenye majalada ya kodi, kesi za mashamba na minazi, barua za kuteua majumbe (wakuu wa vijiji wa wakati wa ukoloni), malalamiko, mirathi, na vitabu vya ubatizo. Na karibu vyote hivyo vimepangwa kwa mahali na kwa shughuli, si kwa ukoo. Ukifika na jina la babu peke yake hutapata kitu. Ukifika na jina la kijiji na la jumbe, kazi inaanza.

Kaa na wazee kabla ya kugusa ofisi

Katika nyumba yetu aliyebaki ni mdogo wake babu, na sisi wote tunamwita Bibi. Nilimuuliza vibaya mara ya kwanza.

"Bibi, babu alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka siujui, mjukuu wangu. Najua alikuja mjini mwaka wa mgomo wa bandarini, na mke tayari anaye."

Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulikuwa Septemba 1947. Kwa jibu hilo moja nikapata mwaka wa kuhamia mjini, na nikapata makadirio ya umri. Usiwaulize wazee miaka, waulize matukio. Vita vya Majimaji vilianza 1905. Mwingereza aliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Vita vya Hitler ni 1939 hadi 1945. TANU ilizaliwa Julai 1954. Muulize: wakati wa Hitler babu alikuwa anachunga, anaoa, au anaitwa kazini? Makarani wa sensa wenyewe hubeba kalenda ya matukio kwa ajili ya wasiojua tarehe zao za kuzaliwa, na wewe tengeneza ya kwenu.

Andika mambo matatu kabla hujaondoka mkekani: kijiji, jumbe aliyekuwa anakusanya kodi, na majirani waliopakana na shamba. Majirani watakusaidia kuliko unavyodhani.

Wenye asili ya Uzaramo, kuna jambo jingine. Wazaramo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mimi nilimfuata baba wa baba wa baba, kama cheti cha kuzaliwa kinavyotufundisha, na nikafika ukutani. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto na mashamba. Kwa hiyo uliza: mama yake babu alikuwa nani, na kaka zake waliishi wapi?

Na kama kwenu mnasoma hitima mwezi wa Shaabani, tafuta lile daftari la majina ya marehemu wanaorehemewa. Letu lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limekaa kabatini juu ya msahafu. Lilikuwa na majina ishirini na saba, mengine kwa hati ya Kiarabu. Kumi na moja kati ya hayo hakuna aliyejua ni ya nani mpaka tulipomsomea Bibi.

Barua ya utambulisho

Hapa ndipo nilipoungua.

Nyaraka za Taifa, kwa jina kamili Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zipo Upanga, mtaa wa Vijibweni. Ndugu asiye raia anaanzia COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kuomba kibali cha utafiti, na hilo lichukulie mapema kabla hajakata tiketi. Raia anayetafuta ukoo wake aende na kitambulisho na barua. Barua hiyo ndiyo iliyonila wiki tano.

Ya kwanza niliyopewa mtaani kwetu ilikuwa imechapwa tayari, unajaziwa jina tu: mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, tafadhali apewe msaada anaohitaji. Haikusema inakwenda kwa nani. Haikusema nataka nini. Barua kama hiyo inafaa kufungulia akaunti benki, na mbele ya mtunza nyaraka haimwambii chochote. Nikarudi. Mwenyekiti amesafiri msibani na muhuri amekwenda nao. Siku tisa. Ya pili ikaandikwa vizuri, ila muhuri ukapigwa pembeni mbali na sahihi, na tarehe ikawa ya mwezi uliopita kwa sababu walinakili karatasi ya mtu mwingine. Nikarudi tena.

Ya tatu niliiandika mwenyewe nyumbani, nikaichapa, nikaipeleka kwa sahihi na muhuri tu. Ilipita siku hiyohiyo. Fanya hivyo tangu mwanzo. Maneno ya msingi yalikuwa haya:

"Kwa Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Yah: Kumtambulisha mkazi anayeomba kusoma nyaraka. Mtajwa hapo juu ni raia na mkazi wa mtaa huu. Anaomba kusoma majalada ya wilaya ya Uzaramo ya miaka ya 1920 hadi 1950 yahusuyo majumbe, kodi na mashauri ya mashamba, kwa ajili ya kuandika historia ya familia yake. Matumizi si ya biashara."

Taja wilaya kwa jina la wakati ule. Kisarawe ya leo, kwenye makaratasi ya Mwingereza, itafute chini ya Uzaramo. Weka namba ya kitambulisho, weka miaka, weka mada. Hakikisha muhuri umegusa sahihi. Toa kopi nne, maana kila mlango utakaougonga baadaye utataka yake.

Ndani ya chumba cha kusomea

Nenda asubuhi, na penseli. Utajaza fomu, utaonyeshwa orodha za majalada, utaandika namba, utaletewa. Kabla ya kupiga picha kwa simu, uliza. Kwa kanuni ya jumla nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za wazee wetu hazina kizuizi hicho.

Nilisaidiwa sana na mtunza nyaraka kwa sababu nilifika na karatasi moja yenye vijiji viwili, jina la jumbe, na miaka. Aliisoma, akaniambia nisianze na majalada ya kodi, nianze na kitabu cha wilaya. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na vitabu hivyo kila wilaya, wakiandika humo historia za makabila, desturi, na majina ya watawala wa kienyeji mmoja baada ya mwingine. Ndimo nilimomkuta jumbe aliyetajwa na Bibi. Hapo nikajua nipo wilaya sahihi na miaka sahihi.

Majalada ya Mjerumani yapo pia, ila jiandae. Lugha ni Kijerumani, na mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kujifunza. Majina yetu yameandikwa kwa masikio yao: Uzaramo ni Usaramo, na sauti ya "j" huandikwa "dsch", kama walivyoandika Kilimandscharo. Juma anaweza kuwa Dschuma, Shabani akawa Schabani. Tengeneza orodha ya kila namna jina lenu linavyoweza kuandikwa, uwe nayo mezani. Kodi ya nyumba walianza kuitoza 1898, kwa hiyo majina ya majumbe waliosimamia ukusanyaji yanaweza kukurudisha nyuma mpaka huko.

Siku ya nne nililetewa jalada la mashauri ya mashamba. Katikati kulikuwa na karatasi ya Kiswahili, wino umekuwa wa kahawia, watu saba wakimlalamikia jumbe juu ya minazi iliyokatwa. Wawili walitia sahihi kwa Kiarabu. Watano waliweka dole gumba, na karani ameandika jina pembeni ya kila dole. La nne lilikuwa la baba yake babu. Mistari ya dole lake inaonekana, na upande mmoja umefifia kama mtu aliyebonyeza kwa haraka. Nilikaa nalo muda mrefu bila kufungua ukurasa mwingine.

Milango mingine

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndiko unakotafuta vizazi na vifo vilivyosajiliwa. Usajili wa Waingereza ulianza mapema miaka ya 1920, lakini kwa Waafrika haukuwa wa lazima kwa muda mrefu, kwa hiyo usikate tamaa ukikosa. Nenda ukiwa na jina, mahali na mwaka wa kukadiria. Malipo yalipe kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi.

Kama wazee wenu walibatizwa, vitabu vya parokia na sharika ni hazina. Utapata wazazi, msimamizi, mara nyingi na kijiji. Vya Kikatoliki vya zamani vina Kilatini kidogo, lakini majina yanasomeka. Wamisionari walifika Bagamoyo 1868, na kwa familia zilizotokana na watu waliokombolewa utumwani, vitabu vya misheni huenda vikawa ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yanayowataja wazee wao.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki yenye karatasi za Hans Cory, aliyekusanya mila na sheria za makabila mengi. Chukua mojawapo ya zile kopi nne za barua.

Rudi kwa wazee

Watu wengi huishia kwenye kopi ya jalada. Usiishie hapo. Jumamosi ile nilikwenda kwa Bibi na ile karatasi ya minazi, nikamsomea majina saba polepole. La kwanza hakulijua. La pili akasema huyo ni fundi seremala. Nilipofika la tano akanishika mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyo si jirani. Huyo ni mjomba wake babu yako. Hakuwa na shamba pale, kwao Maneromango. Alikuja kumsimamia."

Karani wa Mwingereza aliwaandika wote saba kuwa wakazi wa kijiji kimoja, na mimi nilimwamini. Ukoo wetu ulikuwa huko Maneromango, kwa upande wa mama, ambako sikuwa nimetafuta hata siku moja. Nimeshaandika barua nyingine, wilaya ileile, nimebadilisha kijiji na kuongeza jina la mjomba. Mwenyekiti ameahidi muhuri Jumatatu, na Bibi ameniomba nikienda Upanga safari hii nimuulizie pia dole la mama yake.