Somo: Mpiga mbali au mpiga sawa? Kusoma raundi ya gofu ya wanawake kwa daftari na kalamu

Habari zenu wanachama. Kila LPGA, ziara ya gofu ya kulipwa ya wanawake, wakiingia uwanjani ubishi ni uleule. Huyu anasema dada fulani kashinda kwa sababu anapiga mbali, yule anasema la, gofu inaamuliwa kwenye grini, ule uwanja wa nyasi fupi sana wenye shimo na bendera. Wote wawili wanabishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hushika mpira uliopaa sana na ule ulioingia shimoni jioni ya mwisho. Mikwaju ya katikati hakuna anayeikumbuka, na mara nyingi ndiyo iliyoamua. Leo nawaonyesha ninavyoandika raundi moja ya mchezaji mmoja mpaka nijue alipata wapi na alipoteza wapi. Kalamu, daftari, na subira ya mashimo 18.

Hatua ya 1: Pima umbali kwa fimbo inayofuata

Usiandike tu "yadi 275" ukafurahi. Andika mpira wa kwanza umembakishia yadi ngapi na ameshika fimbo gani baadaye. Chukua shimo lililopangiwa mikwaju minne, lenye yadi 390. Aliyepiga 250 amebaki na yadi 140, na kwa mchezaji wa kawaida wa LPGA hiyo ni aironi (fimbo ya chuma) namba 7. Aliyepiga 275 amebaki na 115, karibu na aironi namba 9. Mpira wa namba 9 unapaa juu, unashuka wima na kukaa ulipoangukia. Wa namba 7 unashuka kwa kulala zaidi na kuteleza mbele kabla ya kusimama. Faida ya kupiga mbali iko hapo, kwenye fimbo fupi zaidi mkononi. Kama yadi zake 25 za ziada hazikumbadilishia fimbo, hazina la kuandika.

Hatua ya 2: Elewa kwamba kosa hukua na umbali

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wanapowaonea wapiga mbali.

Tuseme feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea grini, ina upana wa yadi 30, yaani 15 kila upande kutoka katikati. Wachezaji wawili wamelenga katikati, na wote wamekosea pembe ileile, nyuzi 3.3 kulia. Aliyepiga 250 mpira wake uko yadi 14.4 kutoka katikati: bado yumo kwenye feawei. Aliyepiga 275 uko yadi 15.9: ametoka. Kosa la mikono ni lilelile, lakini takwimu inaandika mmoja kapatia na mwingine kakosa. Kwa hiyo ukiona mpiga mbali ana asilimia ndogo ya feawei, usikimbilie kusema hana usahihi. Huenda mkono wake umenyooka kuliko wa mwenzake, ila mpira wake umesafiri muda mrefu zaidi ukiwa umepinda.

Hatua ya 3: Andika mpira ulipolala

Asilimia ya feawei ina ubovu mmoja mkubwa. Mpira uliovuka ukingo kwa hatua moja na mpira uliozama kichakani vinahesabiwa sawa. Kwenye daftari langu natumia herufi tatu. F ni feawei. R ni rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, lakini grini bado inafikika. K ni kifungo: mti mbele, maji, ukingo mrefu wa banka (shimo la mchanga), popote anapolazimika kutoa mpira pembeni kwanza. Mchezaji mwenye R sita na hana K yuko salama kuliko mwenye R mbili na K tatu, ingawa wa pili ana feawei nyingi zaidi. Nawaomba sana msiiruke hatua hii.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya mikwaju iliyookolewa

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, ndiye aliyetuondoa kwenye ubishi wa kumbukumbu. Alikusanya mikwaju mingi mno ya PGA Tour, ziara ya wanaume, akatafuta wastani: kutoka mahali fulani, mchezaji wa kiwango hicho anahitaji mikwaju mingapi kumaliza shimo? Mkwaju mzuri ni ule unaopunguza wastani huo kwa zaidi ya mmoja. LPGA nao walianza kupata takwimu za aina hii mwaka 2021, kupitia mpango wa kampuni ya KPMG.

Hebu tutumie jedwali lake la wanaume kama kipimo cha mfano. Kutoka yadi 160 kwenye feawei wastani ni 2.98. Kutoka yadi 140 kwenye feawei ni 2.91. Kutoka yadi 140 kwenye rafu ni 3.15. Yadi 20 zimeleta faida ya 0.07. Kuingia rafu kumegharimu 0.24.

Mtazamaji wa haraka atasema basi, usahihi umeshinda. Ngoja. Ile 0.07 mpiga mbali anaipata kila shimo anapotumia draiva (fimbo ya kupigia mbali mpira wa kwanza), na kwa raundi ya kawaida ni mashimo kama 14. Zidisha: 0.98, karibu mkwaju mzima. Ile 0.24 analipa tu pale anapokosa feawei ambayo mwenzake ameipata. Akikosa nne zaidi ya mwenzake amelipa 0.96, wametoka sare. Akikosa mbili zaidi, bado anaongoza. Akikosa sita, yadi zake zimemtia hasara. Umbali unalipa kidogo kidogo kila shimo, upotovu unatoza kwa mkupuo, na jibu la nani yuko mbele unalipata kwa kuhesabu F, R na K za raundi hiyo.

Hatua ya 5: Macho yote kwenye mpira wa kuingia grini

Broadie alipochambua wachezaji 40 bora wa PGA Tour wa mwaka 2004 hadi 2012, alikuta kwamba katika faida yao juu ya wenzao, karibu asilimia 40 ilitoka kwenye mipira ya kuingia grini, 28 kwenye mpira wa kwanza, 17 kwenye mchezo mfupi, na 15 kwenye kusukuma mpira kwenye grini. Kwa wanawake naona picha inaelekea hukohuko. Annika Sörenstam wa Sweden alipomaliza raundi kwa mikwaju 59 mwaka 2001 pale Moon Valley, Phoenix, alipata birdi 13 (mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo) bila bogi (mmoja juu) hata moja, nane za kwanza zikifuatana. Huwezi kusukuma kutoka mbali mara nane mfululizo na zote ziingie. Lazima aironi zako ziwe zinaangusha mpira jirani na bendera.

Andika futi zilizobaki baada ya kila mpira wa kuingia. Wataalamu huingiza karibu nusu ya mipira yao ya futi 8. Wakiwa futi 33, wastani wao ni misukumo miwili. Katikati ya namba hizo mbili ndipo nafasi nyingi za birdi zinapozaliwa au kufa.

Hatua ya 6: Usidanganywe na idadi ya misukumo

Hili nimelikosea mimi mwenyewe kwa miaka. Nilikuwa nikiona misukumo 26 nasema huyu leo grini zilikuwa zake.

Uwanja wa mikwaju 72 unakupangia misukumo miwili kila shimo, yaani 36, na mikwaju 36 ya kufika kwenye grini. Mchezaji wa kwanza amefika kwa wakati, yaani kwa mikwaju iliyopangwa, kwenye grini 14, amekosa 4, na kila alipokosa aliongeza mkwaju mmoja mfupi. Ametumia 40 kufika, na misukumo 30: jumla 70. Wa pili amefika grini 8, amekosa 10. Ametumia 46 kufika, na misukumo 26: jumla 72. Mwenye misukumo michache ndiye aliyeshindwa. Misukumo yake ilipungua kwa sababu alikuwa akianzia futi tatu au nne baada ya kuchipu, wakati mwenzake alianzia futi 25.

Sisemi mchezo mfupi ni kitu kidogo. Inbee Park hakuwahi kutajwa kati ya wapiga mbali, na mwaka 2013 alichukua mashindano makubwa matatu ya kwanza ya msimu yakifuatana, kisha dhahabu ya Olimpiki Rio 2016. Mkono wake kwenye grini ulikuwa wa ajabu. Ninachosema ni kwamba mpime kwa futi alizoanzia, idadi peke yake haitoshi.

Hatua ya 7: Tazama ardhi

Ardhi ikiwa laini na feawei pana, mpira hautelezi, na mpiga mbali wa angani anafaidi. Ardhi ikikauka, mpira wa chini unakimbia, na mpiga mfupi anapata yadi za bure. Andika hali hiyo juu ya ukurasa kabla hata hujaanza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa hesabu yako ya hatua ya 4 basi kila mtu aongeze kasi ya fimbo. Mbona wanaoongoza kwa umbali sio wanaoongoza kwa ushindi?*

Kwa sababu mpira wa kwanza ni mlango tu. Mwaka 2020 Bianca Pagdanganan wa Ufilipino aliongoza LPGA kwa umbali, na mwaka huo hakushinda shindano lolote la LPGA. Alikaribia, lakini yadi zile zinadai aironi na mikono ya kuzimalizia. Upande wa pili yuko Nelly Korda: anapiga mbali, na aironi zake zinakaa. Mwaka 2024 alishinda mashindano matano mfululizo ya LPGA aliyoyacheza. Kasi ni ya kuongezwa, ndiyo, ilimradi hesabu ya K haipandi nayo.

*Samahani kaka, jedwali ulilotumia ni la wanaume. Huoni unatupotosha?*

Umeuliza vizuri, dada. Zile desimali si za wanawake na usizinakili kama zao. Nimezileta kwa ajili ya namna ya kuhesabu. Ninavyoona, kwa wanawake rafu nzito inauma zaidi: nyasi hushika shingo ya fimbo, na mwenye kasi ndogo hana nguvu ya ziada ya kuzipasua. Tena kutoka umbali uleule ameshika fimbo ndefu zaidi ya mwanamume, na fimbo ndefu haitoki vizuri kwenye nyasi. Ukipata namba za LPGA zenyewe, weka mahali pa zangu, hatua zibaki vilevile.

*Binti yangu ana miaka 14, anapiga mfupi kuliko wenzake wote na ameanza kukata tamaa. Nimwambie nini?*

Mama, mwonyeshe shimo la 18 la Royal Birkdale, mwaka 2014, siku ya mwisho ya Women's British Open. Mo Martin wa Marekani, mmoja wa wapiga mfupi na mmoja wa walionyooka sana kwenye LPGA. Shimo la mikwaju mitano. Kwenye mkwaju wa pili alitoa fimbo ya mbao namba 3, mpira ukaanguka mbele, ukakimbia kwenye ile ardhi ngumu, ukapanda grini na kugonga mti wa bendera. Ulisimama kama futi sita. Akaingiza, igo (mikwaju miwili chini ya kiwango cha shimo), na akashinda kwa mkwaju mmoja. Ndiye peke yake aliyemaliza siku nne chini ya kiwango.

Mazoezini, fimbo ndefu azifanye rafiki: mbao na haibridi (fimbo iliyo kati ya mbao na aironi), kutua pale pale anapotaka, kila siku. Wenzake watakuwa na aironi namba 9 naye atakuwa na haibridi, kwa hiyo haibridi yake lazima iwe kali. Na kasi aendelee kuijenga taratibu, umri wake unaruhusu.

*Mimi bado nasema grini ndiyo hakimu. Mmemsahau I.K. Kim?*

Hatujamsahau, na hadi leo nikikumbuka naumia. Shindano kubwa la Kraft Nabisco 2012, shimo la mwisho, amebakiza kama futi moja kushinda. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo ukatoka. Akaenda kwenye mchujo wa kuamua sare, akashindwa na Sun Young Yoo. Lakini kwenye daftari ule ni mkwaju mmoja, sawa kabisa na mkwaju mmoja uliopotea rafuni Alhamisi asubuhi ambao hakuna aliyeupiga picha. Na nifurahi kukukumbusha kwamba mwaka 2017 alishinda Women's British Open pale Kingsbarns.

*Je, ile mikwaju kumi ya Nelly Korda kwenye shimo moja la US Women's Open 2024 ungeiandika wapi? Umbali au usahihi?*

Wala si huku wala si kule. Uwanja wa Lancaster, shimo la 12, ni shimo la mikwaju mitatu, draiva haihusiki. Mpira wa kwanza uliingia banka ya nyuma ya grini. Alipoutoa ukateremka kuvuka grini yote mpaka majini. Kisha mingine miwili ikafuata majini. Yule alikuwa ameshinda mashindano sita kati ya saba ya mwisho aliyocheza, namba moja wa dunia, na shimo lilimharibikia karibu na bendera. Kwenye daftari langu mpira wa kwanza ulipata herufi K, maana banka ile ilikuwa inatazama maji. Iliyobaki yote niliiandika chini ya mchezo mfupi. Raundi ile ilikuwa 80. Kesho yake akapiga 70, haikutosha kuvuka mchujo wa raundi mbili na kucheza wikendi.