Jinsi ya kucheki diski zilizomauntiwa (zilizounganishwa kwenye folda ili zisomeke) kwa findmnt kwenye Linux

Wana Dom, kama kwenye terminal bado unaandika amri ya mount halafu unakodolea macho mistari kibao, achana nayo, andika findmnt tu, kila kitu kinakuja kimepangwa kama mti, nini kimemauntiwa wapi. Umechomeka flashi ya mshkaji pale UDOM? Piga findmnt -t vfat, itatokea kama imefomatiwa FAT32 (Linux inaiita vfat), na ukiona /boot/efi, sehemu ya kuwashia kompyuta, nayo ipo usishtuke, ni vfat pia. Mi naipenda zaidi -T, yaani findmnt -T ~/Documents inakwambia hilo folda limekaa diski gani hata kama lenyewe halijamauntiwa. Nafasi iliyobaki, weka -D. Ukigusa /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka, kabla hujaristati piga findmnt --verify ikague makosa, maana seva ikigoma kuwaka saa nane usiku huko Ihumwa sijui utamwita nani.