Kinda likianguka kutoka kiotini

Mvua ya masika ikishapiga na upepo wake, chini ya miembe huokotwa makinda. Kabla hujalichukua nyumbani, litazame manyoya. Likiwa limeshaota manyoya na linarukaruka, halikupotea: linajifunza kuruka, na wazee wake wako karibu wanalilisha. Liweke kwenye tawi, mbali na paka na kunguru, uondoke.

Likiwa tupu, macho yamefumba, lirudishe kiotini. Lakini kwanza lifumbate viganjani mpaka lipate joto. Kinda lililopoa halifunui mdomo, na lisilofunua mdomo halilishwi. Harufu ya mkono wako haimfukuzi mama yake, hayo ni maneno tu. Kiota kimevunjika? Funga pakacha dogo kwenye mti huohuo, kivulini, ulitandike nyasi kavu. Usitie usumba wa kumbi la nazi: nyuzi zake hujizonga miguuni zikakata damu. Kaa mbali, hatua 30 hivi, utazame kwa saa moja au mbili.

Maji usilitie mdomoni hata tone. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na maji hupita hapo yakaingia mapafuni. Wala maziwa, ndege hanyonyi, tumbo lake haliyawezi.