Jinsi ya Kutumia "said" Unapoandikia Gazeti la Chuo Marekani

Wanafunzi wetu wanaojiunga na magazeti ya vyuo vya Marekani, iwe makongwe kama The Harvard Crimson la mwaka 1873 au ya vyuo vidogo, wengi hufika na Kiingereza kizuri. Kinachowarudishia habari mezani ni kitenzi kimoja. Tumekua tukisoma magazeti ya Kiswahili, ambako mheshimiwa husema mara moja, kisha hufafanua, hubainisha, husisitiza na kuongeza. Kwa Kiswahili mtindo huo unapendeza. Kwenye habari ya Kiingereza cha Marekani, uache.

Hatua ya 1: Safisha rasimu

Tafuta kila "stated", "explained", "stressed" na "exclaimed", uweke "said". Usiogope kulirudia. Msomaji amelizoea kiasi kwamba hulipita bila kuliona, akabaki na msemaji na maneno yake.

Hatua ya 2: Pima hukumu iliyomo kwenye kitenzi

Hapa usiharakishe. Tuseme mweka hazina wa serikali ya wanafunzi amekuambia kuwa fedha za vilabu ziliisha Machi. Linganisha:

"The money ran out in March," the treasurer said.
"The money ran out in March," the treasurer claimed.
"The money ran out in March," the treasurer admitted.

Sentensi ya kwanza inaripoti. Ya pili inampa msomaji shaka, kama "alidai" yetu. Ya tatu imeshamtia hatiani, maana anayekiri huwa na kosa. Hujafungua daftari hata moja la hesabu, na tayari umehukumu mtu ambaye kesho mnakaa naye darasa moja. Huo si uungwana, wala si uandishi wa habari. Ukimtilia shaka, omba hesabu zenyewe, kisha andika ulichokikuta humo. "Admitted" mwekee aliyekiri kosa kwelikweli.

Hatua ya 3: Panga sentensi

Msemaji atangulie, kitenzi kifuate: "the treasurer said". Geuza pale tu cheo au maelezo yake yanapokuwa marefu. Mkato hukaa ndani ya alama ya kufunga nukuu.

Hatua ya 4: Angalia "that"

Mara nyingi huachwa baada ya "said". Lakini siku ikiingia katikati, irudishe:

The dean said Friday that the library would close.

Ukiiondoa, msomaji anaweza kudhani maktaba inafungwa Ijumaa, kumbe Ijumaa ndiyo siku mkuu huyo aliyozungumza.

Hatua ya 5: Tenganisha mdomo na maandishi

Aliyekujibu kwa barua pepe hakusema, aliandika. Tumia "wrote in an email". Naomba mlizingatie hili, kwa sababu majibu mengi ya uongozi wa chuo huja kwa maandishi, yakiwa yamepitiwa na ofisi ya mawasiliano neno kwa neno. Msomaji ana haki ya kujua kwamba mwandishi hakupata nafasi ya kuuliza swali la pili. Ripoti na nyaraka zichukue "according to".

Kwenye makala ndefu za maisha ya watu, baadhi ya magazeti hutumia "says". Mengi hufuata mwongozo wa uandishi wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, na kuongeza kanuni zao, kwa hiyo waombe wahariri nakala ya kanuni hizo kabla hujaandika habari yako ya kwanza.