Namna ya kuchagua na kukagua bastola ya Magnum ya kipenyo kikubwa

Mtu anayetafuta bastola ya silinda ya daraja la Magnum, yaani ile inayopiga risasi zenye nguvu kuliko za kawaida, kwa kawaida huanza kwa kuuliza risasi ipi ni kubwa zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo linastahili kuja mwisho, baada ya kujua matumizi yako, kipimo cha mkono wako na hali halisi ya silaha iliyowekwa mbele yako. Hapa Kenya matumizi yenyewe ni machache. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hoja ya Mmarekani ya kumwinda kulungu au kujikinga na dubu haituhusu. Kwa mkazi wa Mombasa mwenye cheti halali, sababu ya maana ya kumiliki bastola kama hii ni mchezo wa shabaha. Kumbuka pia kwamba cheti hutolewa kwa silaha maalumu na kwa idadi maalumu ya risasi, hivyo malizana kwanza na Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujatoa hata shilingi ya amana.

Risasi ya .357 Magnum (namba hutaja takriban kipenyo kwa inchi) ilitolewa na kampuni ya Kimarekani ya Smith & Wesson mwaka 1935, na .44 Magnum ikafuata katikati ya miaka ya 1950. Risasi ya kawaida ya .357 hutoka na nguvu ya takriban jouli 700 hadi 800, ilhali ya .44 hufikia karibu 1,300. Juu yake ipo .454 Casull, na juu kabisa ipo .500 S&W Magnum ya mwaka 2003, ambayo hupita jouli 3,000 na ambayo silinda yake hubeba risasi tano tu. Hizi mbili za mwisho sizipendekezi kwa mtu anayenunua Magnum yake ya kwanza, kwa kuwa mtu huanza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaota mizizi huchukua miezi mingi kuiondoa. Faida kubwa ya .44 Magnum ni kwamba hupiga pia .44 Special, risasi iliyo pole zaidi, kama vile .357 inavyopiga .38 Special. Kwa hiyo unaweza kujifunza kwa ndogo na kupanda polepole ukitumia silaha ile ile.

Uzito wa bastola ni rafiki yako. Bastola ya .44 yenye mtutu wa inchi sita na nusu huwa na uzito wa takriban kilo 1.3, na anayeishika dukani huona ni nzito, lakini uzito huo ndio unaomeza teke la risasi. Ishike ukiwa umenyoosha mkono, mtutu ukiwa katika mstari mmoja na mfupa wa kigasha, kisha tazama kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila wewe kuuzungusha mpini kiganjani. Kisipofika, badilisha mpini kama upo mwingine mwembamba. La sivyo iache bastola hiyo hata kama bei ni nzuri. Mpini wa mpira hukalia mkono wenye jasho vizuri kuliko mbao iliyong'arishwa, na katika joto la Pwani la mwezi wa Machi tofauti hiyo si ndogo.

Ukaguzi wenyewe hauna haraka. Nenda mchana, uwe na tochi ndogo, kitambaa cheupe na fila geji ya mafundi wa magari, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote ni matupu, kisha mwombe mwenye silaha ruhusa kabla ya kuvuta kifyatulio, kwa sababu baadhi ya bastola za zamani haziridhii kupigwa tupu.

Anza na mpangilio wa silinda, maana humo ndimo bastola nyingi zilizotumika hufeli. Weka kidole kwenye ubavu wa silinda ili kiizuie kidogo, kisha vuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, taratibu sana. Silinda inapaswa kujifunga mahali pake kabla ya nyundo kufika mwisho, au wakati ule ule inapofika. Nyundo ikishika na silinda bado inaweza kusogezwa mbele kidogo hadi ilie "tik", bastola hiyo imechelewa, na risasi yake itaingia mtutuni kwa upande. Rudia kwa kila tundu, kwa maana kosa linaweza kuwa kwenye jino moja tu kati ya yale yanayoizungusha silinda. Nyundo ikiwa imesimama, isukume kwa gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, hapo hapo irudishe kwa mwenyewe. Halafu uishushe nyundo huku kifyatulio kikiwa kimevutwa, na utikise silinda: mchezo mdogo wa pembeni unakubalika, lakini mchezo wa mbele na nyuma unaohisiwa waziwazi ni dalili ya kuchakaa.

Sukuma silinda nyuma na upime nafasi iliyo kati yake na mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni nzuri, ikizidi 0.25 nguvu nyingi huvuja na vipande vya risasi vinaweza kumrukia aliyesimama kando. Kisha mulika mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inaporukia kutoka kwenye silinda. Ufa wa hapo, hata ukiwa mwembamba kama unywele, maana yake ni mtutu mpya. Chunguza hasa sehemu ya chini ya mdomo huo kwenye bastola za .357 za fremu ya wastani, kama Smith & Wesson Model 19, ambayo chuma chake kimechongwa kidogo mahali hapo. Mkwaruzo wa moto kwenye daraja la juu la fremu, yaani chuma kinachopita juu ya silinda, usikutishe, kwani kwa kawaida hufika kina fulani ukakoma.

Kama ni Ruger Blackhawk, bastola nyingine ya Kimarekani, ya kabla ya mwaka 1973, uliza ikiwa imefanyiwa marekebisho ya usalama. Isiyorekebishwa haibebwi kamwe ikiwa na risasi chini ya nyundo, kwa sababu ikianguka inaweza kufyatuka.

Sasa chumvi. Niliwahi kuonyeshwa bastola ya .44 iliyong'aa kama kioo, iliyokaa miaka mingi katika nyumba inayopigwa na upepo wa bahari. Nje haikuwa na doa. Nilipolegeza skrubu moja na kuvitoa vipande vya mbao vya mpini, nilikuta springi kuu ina mabaka ya kutu, na nilipoipitishia kidole, unga wa hudhurungi ulibaki kwenye ncha yake. Mwenyewe naye hakuwa anajua. Kwa hiyo katika mji huu usinunue bila kuuvua mpini. Chuma cha stenlesi hustahimili zaidi kuliko chuma cha rangi nyeusi, ingawa nacho hushika kutu kikipuuzwa, na silaha yoyote ikifungiwa ndani ya ala ya ngozi kabatini, ngozi huvuta unyevu na kuushikilia ubavuni mwa chuma.

Mwisho, kabla ya kulipa salio, omba mjaribu silaha hiyo katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, mkianza na .44 Special, au .38 Special kama bastola ni ya .357. Piga matundu yote sita, kisha sukuma maganda. Yakitoka kwa kidole kimoja, endelea na Magnum; yakigoma tundu lile lile kila mara, mulika ndani yake utafute uchafu au mikwaruzo, na mzungumze upya kuhusu bei.