Riwaya ya ukoo wa Tanga: panga miaka kwanza, maneno yatafuata

Riwaya ya ukoo huanza kuvunjika kwenye hesabu, lugha baadaye. Msomaji wa Ngamiani akikuta bibi kajifungua ana miaka sitini, kitabu anakifunga hapo hapo, hata kama umekiandika kwa tungo tamu namna gani. Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza nunua daftari kubwa, la kwaya mbili linatosha. Kila kizazi kipe kurasa zake, na kila ukurasa uwe na safu tatu: jina, tukio lililokuwapo alipozaliwa, na nani kasema.

Safu ya pili ndiyo kazi yenyewe. Usimuulize mzee mwaka, kwa sababu atakutajia wowote ili akuridhishe. Muulize Uhuru ulimkuta wapi. Alikuwa ameshatoka jandoni? Ameanza kufunga? Anatumwa dukani peke yake? Kwa bibi, swali la kuvunja ungo liulizwe na mwanamke. Majibu hayo yatakupa umri kwa kukosea miaka miwili mitatu, na riwaya haihitaji zaidi.

Vigingi vya kufungia majibu upande wetu ni hivi: vita vya Abushiri na Wadachi (Wajerumani), vilivyoanza 1888 (yeye akanyongwa Pangani Desemba 1889), reli iliyoanza kujengwa Tanga 1893 na kufika Mombo 1905, Vita vya Nyuki (Waingereza walipoivamia Tanga kwa meli), Novemba 1914, TANU 1954, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, vita vya Kagera 1978. Kati ya mzazi na mwana weka miaka 20 hadi 30. Mwanamume mwenye mke wa tatu unaweza kumfikisha hata 55. Ukitoka kwa Abushiri hadi leo unapata vizazi vitano. Mzee akikuhesabia vitatu, kuna jina limemezwa.

Majina humezwa kwa sababu mjukuu hurithi jina la babu. Hamisi bin Bakari bin Hamisi bin Bakari: masimulizi yakipita vinywa vinne, Hamisi wawili wanakuwa mmoja, aliyepigana 1888 na kukata mkonge 1935. Dawa yake ni kuuliza kila mara, "Hamisi yupi huyo, babu, mume wa nani?" Andika mke na mama pembeni ya kila mwanamume. Kwa Wadigo usipofanya hivyo utapotea kabisa, maana zamani urithi ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na upande wa mama mara nyingi ndio unaokumbukwa mbali zaidi.

Kurekodi: nenda baada ya laasiri, na kilo ya sukari na majani ya chai. Pesa usitoe kabla ya mazungumzo, hadithi itaanza kukutazama usoni. Simu izimwe mtandao, iwekwe juu ya mkeka uliokunjwa, si juu ya meza, kwani meza hubeba kila kishindo cha kikombe. Bibi anayesuka ukili huongea vizuri kuliko aliyekalishwa kitini. Anayekuna nazi msubiri amalize, sauti ya mbuzi itakula maneno yote. Dakika 45 zinatosha. Andika usiku huo huo, ukiacha wiki hutakumbuka "yule" alikuwa nani.

Utumwa usiuulize uso kwa uso. Familia nyingi za watumwa zilijiunga na ukoo wa bwana, na neno "mzalia", yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, bado linauma. Kaa msibani usikilize watani. Wao hutupa kwa mzaha kile ambacho wenye nyumba wamekifunika. Hapa ndipo penye riwaya kweli. Amri ya Wadachi ilisema mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru, ilhali utumwa wenyewe ulifutwa 1922 chini ya Waingereza. Basi weka ndugu wawili wa tumbo moja: mkubwa wa 1903, mtumwa, mdogo wa 1907, muungwana kwa karatasi. Ugomvi wao utakubebea sura kumi bila kubuni kitu.

Makosa madogo ndiyo huumbua. Mtu wa 1910 analipa rupia. Shilingi ililetwa na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Manamba, kibarua wa mkataba wa mkonge, halipwi kwa mwezi wa kalenda, bali kwa kipande, yaani kadi ya kazi: siku 30 za kazi, na siku asiyomaliza ngwe yake haihesabiwi. Mwaka wa Kiislamu nao ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huhama misimu. Usibahatishe, geuza tarehe. Ukifanya hivyo kwa Vita vya Nyuki utaona vilianguka siku chache tu baada ya Idi ya kuchinja, na nyama ya Idi bado imo majumbani wakati meli zinatia nanga.

Wazee wawili wakipingana, usiwapatanishe. Simulizi moja mpe shangazi, ya pili mpe mjomba, kisha wakalishe wote wawili kwenye arusi moja.